Mchanga Katika Dagaa Wetu

Kuna hoja inayotembea Afrika Mashariki nzima bila mtu wa kuisimamisha. Utaisikia kwenye baraza la kahawa, ndani ya daladala, kwenye korido za ofisi, na siku hizi hata kwa wasomi wanaoivalisha maneno ya kiuchumi. Inasema hivi: kazi nzuri ni ya wenye nacho. Mjerumani anajenga vizuri kwa sababu ana fedha. Mjapani anafika kwa wakati kwa sababu treni yake inafika kwa wakati. Sisi tunabangaiza, na anayebangaiza hana nafasi ya kuwa na kiwango. Mfanyakazi analipwa kidogo, basi afanye kidogo. Mteja hana hela, basi apate cha hela yake. Ukimwambia fundi kwamba ukuta umepinda, atakujibu kwamba plasta itauficha. Ukimuuliza karani kwa nini faili halijasogea tangu Januari, naye atakuuliza kama unaujua mshahara wake.

Naikataa hoja hii, mzizi na matawi. Naikataa kwa sababu ni ya uongo, na kwa sababu uongo wake unaua. Tena wanaouawa ni maskini wale wale ambao hoja yenyewe inajidai kuwatetea.

Twende Ziwa Victoria. Kati ya mwaka 1997 na 2000 Ulaya iliufunga mlango mara kadhaa kwa samaki wa ziwa hilo: mara kwa hofu ya bakteria wa salmonela, mara kwa sababu ya kipindupindu kilichokuwa kimeenea Afrika Mashariki, na mwaka 1999 kwa sababu ya habari kwamba baadhi ya watu walikuwa wakivua kwa kumwaga sumu majini. Viwanda vya minofu ya sangara viliyumba, wafanyakazi wakapunguzwa, bei kwa mvuvi ikaporomoka. Je, tulikaa tukasema sisi ni maskini, hatuwezi? Hapana. Wakaguzi walifunzwa, maabara zikaboreshwa, mialo iliyoteuliwa ikasakafiwa na kuwekewa maji safi, barafu ikawa sehemu ya safari ya samaki tangu anapotoka majini, na ikawa marufuku kumburuta sangara mchangani. Mlango ukafunguliwa tena. Kazi hiyo ilifanywa na Watanzania, Wakenya na Waganda, na ilifanyika ndani ya miaka michache.

Sasa tembea kidogo kando ya maji hayo hayo hadi pale dagaa wanapoanikwa. Kwa miaka mingi, na katika mialo mingi hadi leo, dagaa humwagwa mchangani. Huanikwa chini wanapopita kuku, mbwa na watoto. Mvua ikinyesha wanaoza. Jua likitoka wanakusanywa pamoja na kila kilichokuwa chini yao, wanashindiliwa kwenye magunia na kupakiwa malori kwenda Dodoma, Dar es Salaam na hadi Kongo. Kila mama anayepika dagaa anajua kinachofuata: kuwachambua, kuwaosha mara tatu, mara nne, na bado mtoto anatafuna na kusikia chembe ya mchanga jinoni. Na hao ndio samaki wa maskini. Sangara anasafiri nje akiwa juu ya barafu, na dagaa, kitoweo cha mamilioni ya watoto wetu, wanaingia jikoni na mchanga wao.

Mtetezi wa hoja ile atasema kwamba Ulaya ililipa, ndiyo maana sangara akaheshimiwa. Ni kweli, ililipa. Lakini kitazame kichanja cha dagaa. Ni miti michache iliyosimamishwa na wavu uliotandazwa juu yake kwa kimo cha kiuno, basi. Upepo unapita juu na chini, dagaa wanakauka upesi, mvua ikitishia wanafunikwa haraka, na mchanga haupandi. Wachakataji wanaotumia vichanja, wengi wao wanawake, hupoteza sehemu ndogo zaidi ya mzigo na huuza kwa bei bora kuliko wenzao wanaoanika chini. Miti ipo, nyavu chakavu zipo, na ujuzi wake mtu anaupata kwa kutazama mara moja. Vichanja vilichelewa kuenea kwa sababu hakuna aliyevidai. Mnunuzi wa sangara alikataa mzigo mchafu; mnunuzi wa dagaa aliambiwa kwamba mchanga ni sehemu ya dagaa, naye akakubali. Ufukwe ni mmoja, watu ni wale wale, mifuko ni ile ile isiyo na kitu, na viwango ni viwili. Umaskini hauwezi kuieleza tofauti hiyo, kwa kuwa ulikuwapo pande zote mbili. Tofauti ni nani tuliyemhesabu kuwa anastahili kula kitu kisafi.

Ninaposema kiwango, basi, naomba nieleweke hivyo. Sizungumzii marumaru, kiyoyozi wala gari jipya. Nazungumzia jibu ambalo mikono yetu inatoa kila siku kwa swali la nani anastahili.

Hoja ile inadai kwamba cha bei nafuu lazima kiwe kibovu na kwamba anayekipata ameridhika nacho. Tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha Nairobi, jengo la wapangaji liliporomoka usiku mtaani Huruma na kuua watu wapatao 50. Walikuwa wapangaji wa vyumba vya bei ya chini, watu waliolipa walichoweza. Miaka mitatu kabla yake, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36, wakiwamo mafundi na vibarua waliokuwa kazini. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa zamu ya jengo la Kariakoo, Dar es Salaam, na watu wasiopungua 29 wakafa, mahali ambapo wachuuzi wadogo huamkia kila alfajiri. Sisemi kwamba majengo haya yalianguka kwa kosa la fundi mmoja. Katika maafa ya namna hii huwamo tamaa ya wenye majengo, vibali vya mezani na wakaguzi waliofumba macho. Lakini katika mlolongo wote huo, kila mmoja kwa wakati wake alisema neno lile lile: itakaa tu.

Zege lina sheria zake na halijui mshahara wa mtu. Maji yakizidi, mchanganyaji anafurahi kwa sababu koleo linazama kirahisi na zege linajimwaga lenyewe, lakini maji yale yakishatoka yanaacha vitundu na nguvu inapungua. Likishamwagwa linahitaji kunyeshewa maji kwa siku 7 angalau, kwa kuwa saruji haishiki kwa kukaushwa na jua. Inashika kwa kunywa maji, na ndiyo maana wahandisi huipima nguvu yake siku ya 28. Kunyeshea zege asubuhi na jioni hakuongezi hata mfuko mmoja kwenye gharama. Kunahitaji mtu anayekumbuka, tena anayerudi Jumapili wakati hakuna anayemwona. Kwenye kufyatua tofali ni hivyo hivyo. Mfuko wa kilo 50 ambao ungetoa tofali 30 hivi za nguvu hufyatuliwa 50 na zaidi, kisha zinauzwa mbichi. Ukilishika tofali pembeni, pembe inabaki mkononi. Mtaani tumempa mtu wa kazi hizi jina, fundi maiko, tunacheka, halafu wiki inayofuata tunampigia simu kwa sababu ni wa bei nafuu. Nyumba anayoijenga haitalaliwa na waziri. Atalala humo mwalimu aliyekopa SACCOS, pamoja na wanawe.

Wapo watakaosema kwamba kwenye kazi za kitaalamu kabisa, kama hospitali, hapo bila fedha hakuna kiwango. Mfano huo ndio unaowaangusha zaidi. Novemba 2007, katika hospitali moja Dar es Salaam, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja walibadilishwa. Aliyekuja kwa tatizo la goti alipasuliwa kichwa, na aliyekuja kwa tatizo la kichwa akapasuliwa goti. Mmoja wao alifariki baadaye. Taifa zima lilishtuka, na haki lilikuwa nayo. Kosa la namna ile halizuiwi na mashine ya mabilioni. Huzuiwa na mtu anayemuuliza mgonjwa, kabla ya dawa ya usingizi, jina lake kamili na kilichomleta, kisha akalinganisha na faili.

Mwaka ule ule Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiandaa karatasi moja ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye mambo 19. Ilijaribiwa katika hospitali 8 za miji 8: London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi, Manila, na Ifakara yetu ya mkoani Morogoro. Yaliyomo ni mepesi kiasi cha kumwaibisha mtu. Mgonjwa athibitishe jina lake na sehemu inayopasuliwa. Aulizwe kama ana mzio wa dawa. Antibiotiki itolewe ndani ya saa moja kabla ya kisu. Kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Sponji, sindano na vifaa vihesabiwe kabla mgonjwa hajatolewa. Matokeo yalipochapishwa Januari 2009, vifo katika hospitali hizo zikijumlishwa vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Hayo yaliletwa na karatasi na dakika chache za kuuliza.

Itazame tena orodha ile ya miji. Ifakara ilikaa meza moja na Seattle. Hospitali za miji kama Seattle zilikuwa na kila kitu ambacho hoja ya umaskini inasema ndicho kinacholeta kiwango: majengo, mishahara mizuri, mitambo. Bado nazo zilihitaji kukumbushwa kuuliza jina. Basi fedha hazikuwa zimewaletea kiwango, na kukosa fedha hakukumzuia muuguzi wa Ifakara kuhesabu sponji zake. Tangu niyajue matokeo haya, sina tena subira na mtu anayeniambia kwamba tutaanza kufanya vizuri tukishatajirika.

Mahindi nayo yana ushahidi wake, na ni mchungu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 ikatokea Dodoma na Manyara, na watu wapatao 20 wakafa. Kuvu wanaotoa sumu hiyo hupenda nafaka yenye unyevu. Mahindi yakikaushwa hadi unyevu wa asilimia 13.5 au chini yake, juu ya turubai na si juu ya udongo, yakahifadhiwa pakavu, hatari hupungua sana. Mabwana shamba hufundisha kipimo kisicho na gharama: tia kiganja cha mahindi kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Chupa na chumvi vipo katika kila nyumba. Aliyekufa Makueni alikufa kwa chakula cha ghala lake mwenyewe au cha duka la jirani. Na Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa muda mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yalikwama mpakani na wengi wetu tukaliona jambo hilo kuwa ugomvi wa kisiasa. Pengine siasa ilikuwamo. Lakini swali lililonisumbua mimi lilikuwa jingine: yale mahindi yaliyokataliwa Namanga yalienda kuliwa na nani?

Nije sasa kwenye hoja yao nzito, ya mshahara. Sitaipuuza, maana wanaoisema wana njaa ya kweli. Muuguzi mmoja kwenye wodi yenye wagonjwa 40 usiku, mwalimu mmoja mbele ya watoto 100, askari anayelala kwenye nyumba ya bati. Hao wanadhulumiwa, na dhuluma hiyo ipigwe vita. Lakini ipigwe vita hadharani. Madaktari wa Tanzania waligoma mwaka 2012. Wenzao wa hospitali za umma za Kenya waligoma kuanzia Desemba 2016 kwa siku 100, wakaandika madai yao, wakasimama barabarani, viongozi wa chama chao wakafungwa jela kwa muda. Unaweza kukubaliana nao au kuwapinga, lakini walifanya jambo la watu wazima: walimwambia mwajiri usoni kwamba hatutafanya kazi hii kwa malipo haya, na wakakubali kuandamwa kwa hilo.

Hoja ninayoipinga inatetea kitu kingine kabisa: mgomo wa chinichini, ule usiotangazwa, wa mtu anayepokea mshahara wote na kutoa nusu ya kazi. Mwalimu anampa kiranja daftari aandike ubaoni, naye anakwenda kwenye genge lake. Mgomo huo haumuumizi anayelipa mshahara mdogo. Hazina haijui. Waziri hajui, na watoto wake wanasoma shule nyingine. Anayejua ni mtoto wa mama ntilie, miaka 7 baadaye, anapomaliza shule bila kuweza kusoma barua. Mfanyakazi aliyedhulumiwa amechukua dhuluma yake na kuikabidhi kwa mnyonge kuliko yeye. Sioni ukombozi wowote hapo, wala sikubali kuuita haki ya mfanyakazi.

Kuna wasomi wenye toleo la heshima zaidi la hoja hii. Wanasema ulegevu wetu kazini ni urithi wa upinzani: babu zetu walilazimishwa kazi na wakoloni, wakaikwepa, wakaivutavuta, na hiyo ndiyo ilikuwa silaha yao. Naiheshimu historia hiyo. Manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wakifanya kazi kwa kadi ya kipande ya siku 30, hawakuwa na deni lolote kwa settla. Lakini ikisomwa, isomwe yote. Julai 1905, kule Nandete, Umatumbi, watu waliochoshwa na pamba ya Mjerumani hawakuilima vibaya kisirisiri. Waliing'oa mchana, na vita vya Majimaji vikaanzia hapo. Miongoni mwa waliovuka Ruvuma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge walikuwamo Wamakonde waliochonga mpingo kwa usahihi ambao makumbusho ya dunia hadi leo yanaushangaa. Mtu huyo huyo aliweza kumnyima settla nguvu zake, kisha akakaa chini na kipande cha mpingo asikubali mstari mmoja uende kombo. Aliijua tofauti kati ya kazi ya kunyang'anywa na kazi yake. Leo settla hayupo. Ukuta tunaoujenga vibaya unamwangukia jirani, na dawa tunayoichanganya ovyo anainywa shangazi wa mtu tunayemjua.

Kwa hiyo naomba tusidanganyane kwamba ukali wa kazi ni tabia ya kigeni. Fundi wa jahazi wa Nungwi au Matondoni anapotia kalafati, anashindilia pamba iliyolowa mafuta kwenye kila mwanya kati ya mbao, hata sehemu ambazo chombo kikishashushwa majini hakuna jicho litakaloziona tena. Mshairi wa Lamu au Pemba, asiyelipwa hata senti, anahesabu mizani 8 na 8 katika kila mshororo, na akikosea kina mbele ya wajuzi atarudishwa nyuma. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa mshairi ni maskini, basi mizani 7 zinatosha.

Upande wa pili wamesimama wahamasishaji, nao nawapinga kwa nguvu ile ile ingawa wanaonekana kuwa upande wangu. Hawa hujaza kumbi na simu zetu kwa ushauri wa kupandisha viwango: amka saa kumi alfajiri, vaa suti, badilisha marafiki, jithamini, fedha zitakufuata. Kwao kiwango ni chambo cha kuvulia utajiri. Sasa kijana amejituma miaka mitatu, fedha hazijafuata, afanye nini? Kwa mantiki waliyomfundisha, aache. Na wengi huacha, wakiwa na uchungu na kejeli kwa kila anayefanya kazi vizuri. Wahamasishaji na walalamikaji wanagombana kila siku bila kugundua kwamba msingi wao ni mmoja: wote wanaamini kwamba ubora ni bidhaa ambayo mwenye kazi anaitoa au kuizuia kulingana na malipo yake mwenyewe. Hakuna kati yao anayemtazama anayepokea. Mimi nasema tuanze na huyo. Kuna mtu atakayekula, atakayelala, atakayetibiwa, atakayesafiri kwa mikono yangu, na mwili wake hautapunguza ukali wa sumu kwa kujua kwamba nililipwa kidogo.

Na mtu huyo yupo hata kwenye mambo tunayoyaona madogo. Fundi cherehani anapokea kitambaa cha nguo ya Idi mwanzoni mwa Ramadhani, anapokea na cha mtu wa arobaini akijua wazi kwamba mikono yake ni miwili, na usiku wa mwezi kuandama watoto wanakaa dukani kwake hadi saa sita wakisubiri. Karani anamwambia mzee aje kesho. Kesho hiyo, kwa mzee aliyetoka kijijini, ni nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha njiani na siku nzima ya shamba. Aliyeitamka hakuihesabu, kwa sababu haikutoka mfukoni mwake. Kikao kimeitishwa saa tatu na kinaanza saa tano; waliofika saa tatu, ambao kwa kawaida ni wadogo kwa cheo, wameporwa saa mbili. Kuchelewa huku tunakuita utamaduni wetu wa kutokuwa na haraka. Mbona hatuchelewi swala ya Ijumaa, wala misa ya kwanza, wala mazishi?

Nisiwabebeshe mafundi na makarani mzigo wote, maana wanunuzi tumo. Mteja anayelipunguza tofali bei hadi chini ya gharama ya saruji iliyopaswa kuwamo ameagiza tofali bovu kwa kinywa chake. Anayemwambia fundi amalize nyumba kabla ya harusi ya mwanawe, zege likiwa na siku tatu, amemwagiza avunje sheria. Tunamtetea mteja maskini kwa kusema anataka rahisi, lakini hakuna anayetaka kununua tofali mara mbili, wala sola inayokufa baada ya miezi minne, wala viatu vya shule vinavyoachama kabla ya muhula kwisha. Tajiri akinunua kibovu anakitupa na kununua kingine. Maskini anabaki nacho. Yeye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya kitu cha kudumu, na ndiye anayepaswa kuuliza kwa sauti sokoni: dagaa hawa wameanikwa wapi? Muuzaji akisikia swali hilo kutoka kwa wanunuzi kumi kwa siku, atampigia simu aliyemletea mzigo.

Pia wapo wanaotutazama tukifanya kazi. Kila fundi mtaani ana saidia fundi wake, kijana wa miaka 18 au 19 ambaye hajafika VETA na huenda hatafika. Anachojua kuhusu zege ni kile alichokiona. Akimwona fundi wake anakataa lori la mchanga uliochanganyika na udongo, hata kama mwenye nyumba atanuna, atajua kwamba mchanga hukataliwa. Akimwona anachomoa nondo usiku na kuziuza, atajua hilo pia. Muuguzi mwanafunzi vilevile: akimkuta dada wa zamu anasoma jina la mgonjwa mara mbili kabla ya kuchoma sindano, saa tisa usiku, bila msimamizi, atakwenda nalo hadi kituo chake cha kwanza, huko Nkasi au Kakonko. Hakuna sera inayomfikia kijana huyo mapema kuliko mkono anaoutazama. Atajenga, au atatibu, kwa miaka 40 ijayo. Siwezi kukubali tungoje uchumi ukue kwanza ndipo afundishwe kunyeshea zege maji, wakati jengo alilolipanda asubuhi hii lina wapangaji ambao wameshalipa kodi ya miezi sita na watahamia mwezi ujao.